Mjini kwa Kina Nargis

Dada yangu mkubwa anaitwa Nargis. Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, kila mtu alijua jina hilo limetoka wapi: mama aliiona filamu ya Kihindi ya Awaara pale sinema ya Majestic akiwa bado msichana, akavutiwa mno na uzuri wa Nargis, mwigizaji wake, akaweka nadhiri kwamba Mungu akimjaalia binti atamwita kwa jina lake. Babu mzaa baba alitaka mtoto aitwe Mwanaisha. Mama alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akamwandikisha Nargis. Sisi tuliofuata tulipewa majina ya ukoo, na mama hakusema neno.

Hakwenda sinema kupitisha wakati. Alikuwa mtazamaji makini, na mtaani alikuwa na kazi yake, nayo ni kusimulia. Walikuwapo wanawake ambao waume zao hawakuwaruhusu kwenda, na wengine hawakuwa na hela ya tiketi, na hao walikuja uani kwetu jioni na sinia zao za mchele. Mama hakujua Kihindi hata cha kuombea maji. Lakini alijua nani anamdanganya nani, nani mtoto wa nani, na wimbo upi unamaanisha kwamba mtu hatarudi. Mother India aliisimulia tangu alasiri mpaka karibu na adhana ya magharibi, na alipofika pale Radha anapomwelekezea bunduki Birju, mwanawe wa kumzaa, mikono yote iliyokuwa ikichambua mchele ilisimama. Nilikuwa mdogo, nimejibanza mlangoni. Nilimwona Radha vizuri uani kwetu kabla sijamwona kwenye pazia la sinema.

Pwani nzima ilikuwa hivyo. Juma Bhalo wa Mombasa alichukua mahadhi ya nyimbo za filamu za Kihindi akayatia maneno ya Kiswahili, na maarusini watu walitunza na kulia kwa sauti zilizotungwa Bombay. Hata majina ya majumba yetu yalikuwa ya kule. Tanga tulikuwa na Majestic na Novelty, Unguja kulikuwa na Majestic na Empire, Mombasa na Naaz na Regal. Na Majestic ya Bombay ndimo ilimoonyeshwa Alam Ara, filamu ya kwanza ya India yenye sauti, tarehe 14 Machi 1931.

Mwaka 1996 daktari alituambia kwamba vali moja ya moyo wa mama imeharibika, na njia iliyobaki ni kumpeleka India. Ukoo ulichanga. Wengine waliuza walichokuwa nacho, na mimi nikateuliwa kumsindikiza. Tulipomweleza kwamba hospitali iko Bombay, mji ambao mwaka uliotangulia ulikuwa umebadilishwa jina rasmi na kuitwa Mumbai, mama alikaa kimya, kisha akauliza, "Ni karibu na kwa kina Raj Kapoor?" Hakuwa akitania. Raj Kapoor wa Awaara alikuwa ameshafariki tangu 1988 na mama alijua, kwa kuwa siku ile habari ilipofika alikaa hitma. Alichotaka kujua ni kama anakwenda mahali anapopafahamu.

Mwenyeji tulimpata kwa rehema ya Mungu. Tulikuwa tunanunua mkate karibu na Barabara ya Mohammed Ali, mama akinilalamikia bei, mzee mmoja Mbohora mwenye kofia nyeupe yenye ukingo wa dhahabu akageuka. "Nyie watu wa wapi?" Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja tupu. Alikuwa mtoto wa Malindi, aliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, na tangu hapo alikuwa hapati mtu wa kuzungumza naye lugha yake. Mama alimwita kaka, yeye akamwita mama dada, na mimi akaniita mwanangu. Alituuliza tumekuja kutibiwa nini. Tulipomwambia, alitikisa kichwa, akasema, "Hospitali utaijua tu, dada, na itakuchosha. Sinema nitakuonyesha mie."

Vipimo vya moyo ni kazi ya kusubiri. Unapimwa leo, unaambiwa urudi keshokutwa. Daktari mwenyewe alimtaka mama atembee kidogo kila jioni, asikae kitandani tu, basi tukatembea.

Mzee alianza na Regal, kule Colaba, kwa sababu yeye aliona ndiyo yenye heshima kuliko zote. Ilifunguliwa 1933 kwa filamu ya vichekesho ya Laurel na Hardy, ikiwa na mitambo ya kupoza hewa na maegesho ya magari chini ya ardhi. Alitueleza hayo yote amesimama kando ya barabara, mkono mmoja umeshika mwavuli, kama mtu anayeonyesha nyumba ya babu yake. Mama alitazama bango. Lilikuwa la filamu ya Kiingereza. "Hapa walikuwa wanaonyesha za Wazungu?" Mzee akakiri kwamba Regal ilijengewa hasa filamu za Kiingereza. Mama akashukuru, akasema tuendelee na safari.

Kutoka hapo hatukuwa mbali na jengo la zamani la Hoteli ya Watson, la vyuma vitupu, ambalo wakati ule lilikuwa limechakaa, kamba za nguo zimetundikwa kwenye baraza zake. Humo mnamo Julai 1896, miezi michache tu baada ya ndugu Lumière kuonyesha picha zao Paris, watu wa Bombay walionyeshwa picha zinazokwenda kwa mara ya kwanza. Mama aliomba tusimame. Alilitazama jengo lile kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama Regal.

Sinema ya Eros tuliiona tukiwa tumekaa ukingoni mwa uwanja wa Oval, upande wa stesheni ya Churchgate. Ni ya 1938, ya rangi mbili, jiwe jekundu na malai, na mnara wake wa mviringo unapanda ngazi kwa ngazi pembeni mwa njia panda. Eneo lile la mjini liliongezeka kwa kufukia bahari. Miaka ya 1930 ndipo watu wenye fedha walipojenga hapo kwa saruji na nondo, wakati uleule filamu zenye sauti zilipokuwa zimekuja na kila mfanyabiashara akitaka ukumbi mpana usio na nguzo za kumziba mtazamaji. Ndiyo maana majumba yale yanafanana. Yalizaliwa pamoja. Mwaka 2018 UNESCO ililiingiza eneo hilo, pamoja na Eros na Regal, katika orodha ya urithi wa dunia, na niliposoma habari hiyo nilifurahi kana kwamba nimepewa zawadi mimi.

Lakini jumba lililomshika mama ni Liberty.

Liberty iko Marine Lines, nyuma ya majengo makubwa, na usipoonyeshwa unaweza kuipita. Mzee alitusimulia tukiwa kwenye teksi. Kabla ya uhuru, majumba mazuri ya kusini mwa mji, Regal, Eros na Metro, yalikuwa hasa ya filamu za Kiingereza. Mtu aliyependa picha za Kihindi alikwenda kwenye kumbi za hali ya chini. India ilipopata uhuru 1947, tajiri mmoja, Habib Hoosein, alikuwa akijenga jumba, akaamua liwe la fahari kama yale mengine au zaidi, lakini la filamu za Kihindi, na akalipa jina la uhuru. Lilifunguliwa 1949 kwa filamu ya Andaz.

"Andaz ya Nargis na Dilip Kumar," mama akasema kutoka kiti cha nyuma.

"Ndiyo hiyo, dada. Na Mother India ilianzia hapohapo, 1957. Ikakaa zaidi ya mwaka."

Mama hakujibu. Tuliposhuka alisimama mbele ya mlango, akarekebisha ushungi wake kama mtu anayeingia kwenye hafla, akasema, "Kumbe walitujengea na sisi."

Nimelifikiria sana lile neno "sisi". Mama alikuwa mwanamke wa Tanga, hajawahi kukanyaga India kabla ya hapo. Lakini alikuwa amelipa tiketi miaka yote ile, amelia, amesimulia, amempa mtoto jina. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Filamu zile zilizunguka dunia na kuendelea kutengenezwa kwa sababu walikuwapo watu kama yeye katika miji ya bandari kama Tanga, na aliingia Liberty kama mtu mwenye hisa.

Ndani ni mbao zilizong'arishwa, ngazi pana, na mapambo ya plasta kandokando ya pazia yanayopanda na kumwagika kama maji ya chemchemi. Viti karibu 1,200. Ilikuwa ikionyeshwa Hum Aapke Hain Koun, iliyokuwa hapo tangu Agosti 1994, mwaka wa pili ukiendelea, na bado ukumbi ulijaa nusu na zaidi siku ya kazi. Ni filamu ya zaidi ya saa tatu, nyimbo 14, harusi juu ya harusi. Watu walikuwa wameshaiona. Walikuja kuimba. Madhuri Dixit alipoingia na sari yake ya zambarau, sarafu zilirushwa kuelekea pazia, zikalia kwenye sakafu ya mbele, na vijana wakasimama kucheza kwenye vijia. Halafu yule dada mtu, aliyeolewa na mwenye mtoto mchanga, akaanguka ngazini akafa, na ukumbi mzima ukanyamaza ukiwa unajua tangu mwanzo kwamba ataanguka.

Wakati wa mapumziko mzee alileta chai na sambusa. Kando ya mama alikaa mwanamke wa makamo na mabinti zake wawili, akauliza kwa Kiingereza tumetoka wapi. Nikamwambia Tanzania, mama yangu amekuja kutibiwa, na filamu za Kihindi amezipenda maisha yake yote. Mwanamke yule hakuonekana kuamini. Mama, aliyekwisha kuelewa mazungumzo yanahusu nini, akaanza kuimba kwa sauti ya chini wimbo mmoja wa taarabu wa ujanani mwake. Maneno yalikuwa ya Kiswahili, ya mapenzi na lawama. Alipofika mstari wa pili yule mwanamke akashika kifua, akaingia na maneno ya Kihindi ya wimbo uleule, na wote wawili wakaenda nao mpaka mwisho, kila mmoja na lugha yake, hakuna aliyemkanyaga mwenzake. Mabinti waliacha kula. Taa zilipozimwa mwanamke alikuwa bado ameshika mkono wa mama, na hakuuachia mpaka harusi ya mwisho.

Tulipotoka mama akauliza makaburi ya Waislamu yako wapi. Mzee alielewa mara moja. Nargis, aliyefariki Mei 1981 kwa saratani, alizikwa Bada Kabrastan, hukohuko Marine Lines. Tulikwenda polepole. Mama hakutaka kuingia makaburini. Alisimama langoni, akafungua viganja, akasoma Fatiha na sura nyingine fupi, kwa utulivu, kama alivyowasomea wazazi wake kila tulipokwenda kuwazuru. Mlinzi alimtazama, akaondoa kiti chake njiani. Baadaye mama aliniambia, "Nilikuwa na deni lake." Nilidhani anasema juu ya jina.

Wiki iliyofuata alipasuliwa.

Siku zile za chumba cha wagonjwa mahututi sitazisimulia sana. Unaruhusiwa kumwona mgonjwa wako dakika chache, kisha unatolewa, na nje ya pale hakuna unachoweza kufanya. Mzee alikuja kila alasiri, hakuniuliza kitu, akanichukua. Aliamini mtu akikaa peke yake na hofu, hofu humwotea mizizi. Tulitembea Lamington Road, mtaa wa majumba ya sinema yaliyofuatana, Naaz na ofisi za wasambazaji wa filamu zilizojazana kwenye jengo lake, na mabango yaliyochorwa kwa mkono, sura za watu zikiwa kubwa kuliko madirisha ya nyumba za ghorofa. Kisha akanisimamisha mbele ya Minerva.

Hapa ilikuwa zamu yangu, kwa sababu Sholay ni filamu ya rika langu. Wiki zake za kwanza mwaka 1975 wakubwa wa biashara walidhani imeanguka. Halafu watu wakaanza kurudi, wakaleta ndugu zao, na Minerva ikaionyesha kwa miaka mitano mfululizo. Mzee aliiona humo kwenye pazia la milimita 70, sauti ikitoka pande zote za ukumbi. Alinisimulia kwamba Jai alipokuwa akirusha sarafu yake na sarafu ikadondoka, watu waliinama kutafuta chini ya viti wakidhani imeangukia kwao.

Nikamsimulia na mimi ya Tanga. Kwetu ilikuwa sheria kwamba stelingi, yaani mhusika mkuu, hafi. Stelingi hupigwa, hufungwa, hutupwa mtoni, lakini hafi, na kila mtoto wa Ngamiani alikuwa tayari kupigania jambo hilo. Basi Jai, yaani Amitabh Bachchan, alipokufa mikononi mwa Dharmendra, na ile sarafu ikaokotwa na kuonekana kwamba pande zake zote mbili ni sawa, kwamba kila mara walipopiga kura rafiki yake alikuwa ameshachagua mwenyewe kubeba hatari, ukumbi ulizuka. Wengine walipiga kelele mashine irudishwe nyuma. Rafiki yangu mmoja alitoka akilia, akakataa kurudi kumwona jambazi Gabbar Singh akishikwa, akasema ushindi huo hauna maana tena. Tulibishana njia nzima mpaka barabara ya nane iwapo Jai alikuwa na haki ya kumficha mwenzake jambo zito kama lile. Sijawahi kusoma kitabu kilichonifundisha kuhusu urafiki zaidi ya mabishano yale, na nasema hivyo nikiwa nimesoma vitabu vingi.

Mzee alisikiliza yote hayo amesimama juani. Kisha akasema, "Twende tukamwone bibi. Saa ya kuingia imefika." Siku hiyo mama alikuwa amefumbua macho.

Alipona vizuri. Na alipoanza kutembea mwenyewe ukumbini mwa hospitali, jambo la kwanza alilomwomba daktari, kupitia kwangu, ni ruhusa ya kwenda Maratha Mandir kuona Dilwale Dulhania Le Jayenge, maana manesi walikuwa wakiizungumzia kutwa. Daktari aliuliza kama ana hakika moyo wake unaiweza filamu hiyo. Mama akajibu, "Ndiyo maana nimeutengeneza."

Maratha Mandir iko mbele ya stesheni ya Mumbai Central, upande wa pili wa barabara. Ilifunguliwa Oktoba 1958, ina viti karibu 1,000, na sifa zake za kale ni za Mughal-e-Azam. Agosti 1960 filamu hiyo ilipozinduliwa hapo, mikanda yake ililetwa juu ya tembo aliyepambwa, tarumbeta zikipigwa. Watu walikesha kwenye foleni ya tiketi, wakiletewa chakula na ndugu zao ili wasipoteze nafasi. Mzee hakuwako wakati huo. Alikuwa bado Unguja, akiisubiri Mughal-e-Azam ivuke bahari. Lakini aliisimulia kana kwamba aliishika kamba ya tembo.

Tulikuta foleni mbili, ya wanaume na ya wanawake, na walanguzi wakipita katikati wakinong'ona "balkoni, balkoni" bila kumtazama mtu usoni. Nilitaka kununua kwao ili mama asichoke. Mama akakataa katakata, akaenda kusimama kwenye foleni ya wanawake, fupi kuliko yetu, na akarudi na tiketi tatu za balkoni, ameshika na chenji yake. Ngazi tulizipanda kwa vituo. Mzee mbele, mama katikati ameshika kifua kwa kiganja, mimi nyuma nimetanua mikono.

Filamu ilikuwa imetoka Oktoba 1995, na tayari ukumbi mzima ulijua maneno. Shah Rukh Khan alikuwa akifungua mdomo, watu mia kadhaa wanamaliza sentensi. Mama aliwatazama watu kwa kadiri alivyoitazama filamu. Raj wa humu, yaani Shah Rukh Khan, anampenda Simran, lakini anakataa kutoroka naye, anasema atamchukua kwa mkono wa baba yake au hatamchukua kabisa. Mama alinong'ona kwamba huyo kijana ana malezi. Kisha tukafika stesheni. Treni imeanza kuondoka, Raj yuko mlangoni, Simran anataka kukimbia, na baba yake, Amrish Puri na yale macho yake, amemshika mkono. Hasemi kitu. Treni inakwenda.

"Mwachie!" mama akasema, kwa Kiswahili, kwa sauti iliyofika mbele. "Mwachie mtoto!"

Watu waligeuka. Na Amrish Puri akamwachia.

Makofi yale sijayasikia tena mahali pengine. Kijana mmoja aliyekaa mbele yetu alimgeukia mama akampigia saluti.

Ndani ya teksi mama alikuwa kimya mpaka tulipovuka makutano makubwa. Halafu akaanza kusema, akitazama dirishani.

"Baba yangu hakunishika mkono. Alichukua madaftari yangu akayafungia kabatini. Nilikuwa darasa la sita, na mwalimu alikuwa ameshasema naweza kuendelea. Mwaka uleule ndio nilipoiona Awaara."

Nikasubiri.

"Nyie nyumbani mnasema nilimpenda Nargis kwa uzuri. Uzuri wake nani hakuuona? Mie nilimwona amesimama mahakamani, wakili, anamhoji hakimu mzima maswali, na hakimu anajibu. Hakuna aliyemwambia kaa chini. Nilirudi nyumbani sikulala."

Nilikumbuka mambo ambayo nilikuwa nimeyaona bila kuyaelewa. Dada Nargis alipomaliza darasa la saba ulikuja uchumba, wa watu wa heshima, na baba alikuwa ameshaulizwa na ameshaelekea kukubali. Ile ndiyo mara pekee niliyomsikia mama akipaza sauti mbele ya wageni. Bangili zake za dhahabu zilipotea mwezi ule, na dada akaenda sekondari. Alikuja kuwa mwalimu, akafundisha mpaka alipostaafu. Hakuna kati yetu, hata dada mwenyewe, aliyeliunganisha jambo hilo na filamu ya Raj Kapoor. Mzee, aliyekaa mbele na dereva, aliinua mkono akafuta miwani yake, akaendelea kumwelekeza dereva njia.

Tuliporudi Tanga nyumba ilijaa. Walikuja kumpa pole na kumwona mgonjwa, na mama aliwaonyesha kovu kwa haraka kama mtu anayelipa ushuru, kisha akaanza kusimulia Maratha Mandir. Alianza na tembo. Baadhi ya wazee waliochambua mchele wakisikiliza Mother India walikuwa bado wapo, na mabinti zao walikuwapo. Wengine walikuwa wameshaiona filamu kwenye mkanda wa video, kwenye televisheni ya jirani, na walijua Simran anapanda treni. Walikaa kimya vilevile, kwa sababu mama aliwaeleza na ukumbi ulivyokuwa.

Miaka hiyo majumba yetu yalikuwa yanakufa. Video zilishaingia majumbani, na Tanzania Bara, iliyoishi bila televisheni yake, ilianza kuipata 1994. Tukazoea kutazama watu wanne watano sebuleni. Mimi nalia na Majestic ya Tanga zaidi ya wanavyolia wenye kukumbuka soko au stesheni, kwa kuwa mule ndani mwanamke asiyeruhusiwa kusema mbele ya wanaume alikaa gizani saa tatu akafikiri apendavyo, na alipotoka hakuna aliyemuuliza amefikiri nini. Mji unapoacha jumba la namna hiyo lifungwe, upotevu wake hauonekani kwenye hesabu za manispaa. Mumbai nako yapo yaliyofungwa. Eros ilifungwa miaka kadhaa, ikafunguliwa tena 2024 ikiwa na pazia jipya kubwa ndani ya jengo lilelile. Maratha Mandir imeendelea na Dilwale Dulhania Le Jayenge, shoo moja ya asubuhi, ikapita wiki 1,000 Desemba 2014 na kwenda mbele.

Watu wa kwetu bado wanapeleka wagonjwa wao Mumbai, na kila baada ya muda mtu hunijia kuuliza habari za nyumba za kulala wageni na bei ya teksi. Namweleza. Kisha namwambia kwamba daktari akiruhusu, ampeleke mgonjwa Maratha Mandir. Ateremke Mumbai Central, avuke barabara kwa uangalifu, maana magari hayasimami. Kama mgonjwa ni mwanamke na ana nguvu, aachiwe akate tiketi mwenyewe. Wachukue balkoni, wapande ngazi kwa vituo, na wawe wameshakaa saa tano na nusu asubuhi.